Wifi Hajala

Jumatatu, 20 Januari 2025

Tumerudi kutoka hospitali. Kaka Nurdini nimemlaza chumba cha mbele, kile cha wageni, maana mlango wa chumba chake ni mwembamba na kitanda cha kukunja hakipiti. Upande wa kulia umekufa wote. Mdomo umekwenda upande. Maneno hakuna — ni "mmm" tu, na "mmm" hiyohiyo ndiyo maji, ndiyo choo, ndiyo maumivu, ndiyo funga mlango. Ila anaelewa kila kitu. Nikimwambia jambo macho yanajibu.

Mpira wa puani aliung'oa mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Wakamwekea tena, akaung'oa tena. Daktari akasema basi, nenda naye nyumbani, mlishe kwa kijiko, uji mzito, akae wima, kidevu chini asipaliwe. Nikamuuliza, na asipokula? Akasema asipokula hatakaa sana. Alisema kwa upole, simlaumu.

Leo kameza vijiko viwili vitatu. Vingine vyote viko kwenye kanga yangu.

Halafu kuna yule mwingine. Siku zote za wodini nilimsahau kabisa. Nimeingia chumba cha kaka kutafuta shuka, nakutana na sanduku la kioo juu ya meza na yeye yumo, mzima, ametulia kama mwenye nyumba. Buibui. Si hawa wa darini — hili ni libuibui la manyoya, la kahawia, likitandaza miguu linajaza kiganja changu. Kaka alilitoa shimoni huko porini Urambo, enzi zile anaendesha lori la tumbaku, wakati huo dogo kama kifungo cha koti. Kaka hakuoa. Watu wakimsema anawaonyesha sanduku: "Mke wangu si huyu hapa. Zamda, msalimie wifi yako." Basi jina likaganda. Wifi.

Hajala tangu kaka aanguke. Na asile. Mimi nina mgonjwa.

Jumatano, 22 Januari

Vitumbua nimechoma vichache, nimeuzia mlangoni hukuhuku nasikiliza chumbani. Kaka hataki kula. Nimembembeleza, nimegomba, nimelia mbele yake. Anafumba mdomo anageukia ukutani. Nimempikia uji wa ulezi, nimetia asali ya nyuki wadogo, ile nzuri aliyokuwa anaificha nisiwape wageni. Hakuna. Nalisha ukuta.

Jioni nimemhamishia Wifi chumba cha mbele. Si kwa mapenzi. Nilitaka kufagia kule, na siwezi kuinama na ufagio hali najua yule yuko nyuma yangu. Nimeweka sanduku juu ya kabati dogo, upande wa jicho lake zima. Kaka akaligeukia, akalitazama mpaka nikaona wivu. Miaka yote nimepika, nimefua, nimekaa naye nyumba moja. Hajanitazama hivyo.

Ijumaa, 24 Januari

Hebu niandike taratibu, nisije nikasahau ilivyokuwa.

Ijumaa ni siku ya Wifi. Nyumba hii yote inajua. Kaka akitoka msikitini anapita kwenye majani ya uwanjani, anakamata nyenje — wale wanaoimba nyasini mvua ikikatika — anamletea mmoja. Mmoja tu, Ijumaa mpaka Ijumaa. Nilikuwa namcheka, namwambia mke gani huyo analishwa kama kuku wa jirani.

Leo adhuhuri akaanza. "Mmm. Mmm." Macho kwenye sanduku. Nikaelewa. Nikaenda bafuni nikamvizia mende, nikamkamata kwa karatasi, nikainua wavu wa juu kidogo, nikamdondosha huku nimefumba jicho moja. Wifi hakutikisika. Mende akatembea, akazunguka kizibo cha maji, akapita karibu na kile kigae cha chungu anachojificha. Sikuona hata ilivyokuwa. Kufumba na kufumbua mende yuko chini ya kifua cha bibi yule, miguu inacheza.

Nikamgeukia kaka. Mdomo uko wazi. Nilidhani kapatwa tena! Kisha nikaona anangoja. Nikachukua bakuli. Kala lote, kidevu chini, taratibu, hajapaliwa hata mara moja. Nilipomaliza nikamfuta, nikaenda jikoni nikalia na mwiko mkononi.

Jumapili, 26 Januari

Jana kanywa maji tu. Leo asubuhi hivyohivyo. Alasiri nikampa Wifi mende mwingine, mbele yake. Mdomo ukafunguka.

Kumbe ndivyo. Wifi akila, naye anakula. Wifi asipokula, ni vijiko viwili vya kunionea huruma, basi. Sijui kwa nini. Pengine anaona haya kushiba na mwenzake ana njaa. Pengine ndicho kitu pekee humu ndani bado kinakwenda kama zamani. Siwezi kumuuliza, atanijibu nini.

Ila Ijumaa mpaka Ijumaa haiwezekani. Mtu haishi kwa bakuli moja la uji kwa wiki. Nimeamua: Wifi atakula kila siku.

Alhamisi, 6 Februari

Siandiki, nawinda. Mtu mzima, na ushungi wangu, nimeinama majanini nyuma ya nyumba na kopo. Mama Festo alinikuta hivyo — Getruda, jirani yangu wa ukuta mmoja, yule wa kwaya ya Moraviani — akacheka mpaka akakaa chini. Nilipomweleza hakucheka tena. Sasa ananiletea nyenje wa shambani kwake, kwenye kopo la siagi alilolitoboa matundu. Anakamata kuliko mimi. Chumbani haingii. Analiacha kopo mlangoni, anasema, "Mama Shamila, mpe pole." Sijui pole ya kaka au ya Wifi.

Kaka anakula! Shavu limerudi kidogo. Kliniki wamempima, kaongezeka, muuguzi akaniuliza siri yangu nini. Nikasema uji.

Lakini Shamila kanitia hofu. Nilimsimulia mwanangu kwa simu, yeye yuko Dar, akaenda kusoma mtandaoni. Anasema mama, buibui wa namna hiyo akishakuwa mkubwa anakula mara moja kwa wiki, hata kwa wiki mbili. Ukimzidishia tumbo linavimba, akianguka kidogo tu linapasuka. Tumbo lisizidi kile kifua cha mbele. Nimekwenda kuangalia. Tumbo limekuwa ndimu. Kifua kiko palepale.

Nikamwambia, na mjomba wako naye alishwe mara moja kwa wiki? Nilikuwa mkali, sikutaka.

Jumanne, 11 Februari

Nimejaribu ujanja. Juzi ilinyesha, kumbikumbi wakajaa kwenye taa ya nje, nikawazoa. Nampa Wifi mmoja mmoja, ili asivimbe lakini ale kila siku. Wifi anakula. Kaka naye anafungua mdomo — vijiko vichache, anafunga. Anapima. Nyenje mkubwa, bakuli zima. Kumbikumbi, vijiko. Nimemwambia wewe umekuwa mwenye duka?

Leo nikavuka mpaka. Nimedondosha uzi mweusi niliousokota, nikautikisa tikisa, nikasema "haya, Wifi kala, sasa wewe." Kaka alinitazama. Jicho lile sitaki kuliona tena. Utotoni nikimwibia nyama sahanini alikuwa ananitazama hivyo, hasemi kitu, anangoja nirudishe mwenyewe.

Jumamosi, 15 Februari

Wifi kagoma. Nyenje kampita juu ya mguu, akamsukuma. Nikaleta mende, kamsukuma. Kaka hajala.

Jumatatu, 17 Februari

Hawajala. Wote wawili.

Jumatano, 19 Februari

Nimempigia Limbu wa Nzega. Rafiki wa kaka wa siku nyingi, mcheza nyoka, anazunguka na chatu wake kwenye ngoma za mavuno. Nikasema huyu ndiye, huyu kalala na wadudu maisha yake yote. Salamu ndefu, pole ndefu. Kisha akasema, "Dada, mimi ni wa nyoka. Nyoka asipokula namwacha, akitaka atakula. Huyo wenu wa miguu minane, nikikwambia neno nitakuwa nakudanganya."

Angalau mkweli. Halafu akauliza, na Nurdini je, anakula? Nikasema mtandao unakatika, nikakata.

Ijumaa, 21 Februari

Leo Ijumaa yake, na Wifi bado hali. Rangi imefifia kama kanzu iliyofuliwa mno. Hatembei. Chini ya tumbo pamekuwa peusi. Ni mimi. Nimemlisha mpaka nimemharibu, mwanamke wa watu alikuwa na Ijumaa yake moja na nyenje wake mmoja, anaishi. Na nikimuua yeye nimewaua wawili. Nawaza hivyo huku nakoroga unga wa vitumbua.

Kaka suruali inamvuka. Nikimgeuza nasikia mifupa mkononi.

Jumanne, 25 Februari

Shamila kapiga. Amesoma tena. Anasema huenda anataka kujivua ngozi. Wakitaka kujivua wanaacha kula, wiki, hata miezi, wala si ugonjwa, wanatoka wapya na njaa tele. Asisumbuliwe. Na ukimpa mdudu akamkataa, mama, mtoe, usimwache humo ndani.

Miezi. Baada ya hilo neno sikusikia vizuri tena. Kaka hana miezi. Shamila anaongea habari za buibui, anaongea vizuri, kama mwalimu, na mimi natazama mkono wa kaka juu ya shuka.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Daku nimekula peke yangu, chai na mkate, nimesimama. Nyumba nzima imefunga: mimi, Wifi, na kaka. Nimemwambia kaka mgonjwa hafungi, umesamehewa, Mwenyezi Mungu mwenyewe kasema. Kafumba macho.

Niandike na hili, hakuna atakayelisoma. Jana nilimbana pua. Alipofungua mdomo apumue nikatia kijiko. Akapaliwa, akawa wa bluu, nilimpiga mgongoni mpaka rangi ikarudi. Nikamshika kichwa kifuani nikamwomba radhi. Kanuka uji na jasho. Sirudii tena. Lakini sasa nifanye nini, nikae nimtazame tu? Sijui mtu anafanyaje. Mimi najua kupika.

Jumanne, 4 Machi

Wifi katandika utando chini, mweupe, mzito, kama kitambaa. Mimi nimeona sanda. Nimeketi kitandani. Lakini kaka alipouona macho yalibadilika. Sijayaona hivyo tangu aanguke. Akatoa "mmm" ndefu, laini. Nikamfuta machozi, maana yalikuwa yanamtoka, nikasema usilie kaka, bado hajafa.

Mama Festo kaleta kopo. Nyenje wawili wakubwa ajabu, wana vichwa utadhani ndovu. Nikamwambia usijisumbue tena, hawali, wala huyu wala yule. Akanishika bega. "Mama Shamila, mgonjwa hakatiwi chakula kwa sababu kakikataa. Mwekee karibu. Akijisikia vizuri saa yoyote atakikuta."

Nikamkumbuka mama. Kaka akiwa safari na lori, mama alikuwa anamtengea sahani yake kila jioni na kuifunika kawa, hata kama kaka mwenyewe yuko Mpanda na matope ya masika hayamruhusu kurudi wiki nzima. Siku moja nilitaka kuutoa ule wali, nina njaa. Mama akanishika mkono. "Unamwondolea mtu chakula chake? Akifika akute nini?" Na kaka alikuwa anafika kweli, siku usiyomtegemea, ananawa, anafunua kawa, anakula wali baridi anacheka.

Basi nikawatia nyenje wote wawili sandukuni. Nikafunga wavu. Nikasema, Wifi, chakula chako hicho, ukiamka utakikuta. Kaka akaanza "mmm, mmm" ya haraka. Nikafurahi, nikadhani anashukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi hajaamka. Nyenje mmoja namwona anatembea, mwingine kajificha. Kaka hanitazami, anatazama sanduku tu. Kijiko kimoja cha maji alfajiri. Kijiko kimoja alasiri.

Muuguzi alisema niende naye kliniki Jumatatu apimwe. Simpeleki. Sitaki waniulize tena siri yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi. Wifi kalala chali. Miguu yote juu. Nimeingia na beseni la maji nimwoshe kaka, nikaona, maji yote sakafuni. Nimemtumia Shamila ujumbe: Wifi kafa. Akajibu palepale, herufi kubwa: MAMA USIMGUSE, HAJAFA, NDIYO ANAJIVUA, HULALA CHALI, NIKO KAZINI NITAPIGA JIONI.

Hajafa! Nimemsomea kaka. Akafumba macho akafumbua, ndiyo. Alikuwa anajua. Ule utando alijua, siku ile hayakuwa machozi ya msiba. Nimechungulia, nyenje siwaoni hata mmoja. Nikamwambia, kaka, kumbe alikula kabla ya kulala! Kala wote wawili! Nikaleta uji mbiombio. Kafunga mdomo. Akatazama kigae, akanitazama, akatazama kigae. Nikasema sawa, nitaupasha baadaye, leo utakula, leo naona.

Jioni. Nimeketi kitandani kwake. Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Tangu adhuhuri kaka alikuwa analia. "Mmm, mmm, mmm", mkono wa kushoto unapiga godoro. Nikamgeuza ubavu. Nikambadilisha. Nikampa dawa ya maumivu ile ya kusaga. Nikafunga dirisha, labda baridi, nikafungua, labda joto. Akazidi. Nikalisogeza sanduku karibu, polepole, lisitikisike, nikasema haya, mtazame mwenzako vizuri. Akazidi. Alikuwa ananyoosha mkono kwenye wavu, kucha zinakwaruza kioo. Nikaogopa ataliangusha, nikakumbuka lile neno la tumbo kupasuka. Nikarudisha sanduku kabatini. Nikamwambia, mwache mwanamke ajivue kwa stara yake, unamtolea macho ya nini. Nikavua kanga ya juu nikalifunika.

Hapo ndipo alipotoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kisha akanyamaza. Nikasema dawa imemshika. Nikaenda jikoni, kuna futari ya kupika, kuna uji wake. Nilikuwa nauimbia ule uji. Niliweka asali yote iliyobaki.

Maghrib inakaribia nikarudi, nikafunua.

Nyenje yuko juu ya tumbo lake. Anatafuna. Bila haraka. Wifi nusu yuko ndani ya ngozi ya zamani, nusu yuko nje, mweupe, laini, hawezi kujitetea wala kukimbia, na yule anatafuna. Nimemtoa kwa mkono mtupu, mimi niliyekuwa nafumba macho. Wa pili alikuwa chini ya kigae. Nimewaponda wote sakafuni kwa ndala na nimeendelea kuponda baada ya kuwa hakuna kitu.

Maji maji yanamtoka Wifi pembeni ya tumbo. Mguu mmoja kama unatikisika. Au ni mimi nimegusa kabati.

Na kaka hakuwa amelala. Macho yako wazi, makavu. Alimwona akitoka chini ya kigae kabla sijafunika. Mchana kutwa alikuwa ananiambia, na tangu Jumanne alikuwa ananiambia. Mimi namgeuza, nambadilisha, nampashia uji. Alichotaka ni niondoe chakula tu. Basi. Hilo moja halikunijia kichwani.

Adhana imeadhiniwa. Sijafungua. Simu inalia jikoni, atakuwa Shamila. Bakuli liko mapajani mwangu, bado lina joto.

Kaka ameacha kutazama sanduku. Ananitazama mimi. Na mdomo ameufungua — wazi, kama siku ile ya mende wa bafuni. Nimenyanyua kijiko. Kikafika nusu ya njia nikakirudisha kwenye bakuli, maana sijui. Sijui mdomo huu ni wa kula au wa kusema.

Nimemwambia, sema, kaka. Leo sitii kitu. Sema.

Mdomo bado uko wazi. Uji unashika utandu juu.